Sauti Iliyocheka Siku ya Mazishi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu unazidi kupona na sasa unafika barazani bila kumshika mtu bega. Mimi ni mzima wa mwili; moyo ndio unaoniuma, na dawa yake iko kwako. Simu zangu hupokei, basi nampa Kaka barua hii aje nayo jioni. Mume wangu anasema barua huwezi kuikata katikati. Hakujui!

Kaka amenieleza kinachokukera. Siku tuliyomzika Shangazi ulikuwa kitandani, ukafungua redio yetu ninayotangaza usikie tangazo la msiba wa dada yako. Tangazo hukulisikia. Ulinisikia mimi, nikicheka na kuwahimiza watu wachangamke kwa kuwa asubuhi ni njema. Kaka alikuapia kwamba nilikuwa naye makaburini, ukamjibu kwamba sauti ya mtoto uliyemlea mwenyewe hufundishwi na mtu.

Ni kweli, Baba, sauti ilikuwa yangu. Lakini mimi nilikuwa makaburini, nalia. Tangu redio yetu inunuliwe na wakubwa wa mji mkuu, kila Ijumaa naingia studio kurekodi salamu za wiki nzima inayofuata. Nacheka Ijumaa, watu wanasikia Jumatano. Kompyuta inaipachika sauti yangu kati ya nyimbo, na nyimbo zenyewe zinachaguliwa huko huko na watu wasiowahi kukanyaga mji huu. Wanasema sisi ni redio ya watu wazima, na mtu mzima hapendi kushtuliwa na kitu kigeni. Basi ni nyimbo za mapenzi zile zile, kila siku kwa mpangilio ule ule. Muuza nyama wa sokoni anasema hana haja tena ya saa: yule dada wa kwenye wimbo akianza kulia kuachwa, yeye ananawa mikono akale. Nilicheka naye, huku naona aibu.

Tangazo la Shangazi nililipeleka mwenyewe. Meneja alinipa pole, tena kwa dhati, kisha akasema vifo vya mji mmoja havina nafasi kwenye ratiba. Shangazi, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mji huu!

Niliporudi kazini nilimwambia meneja sirekodi tena hata salamu moja. Aliuliza kama msiba umenichanganya. Nikamjibu kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na chetu kimeshatuumbua. Nilitaka asubuhi niwepo mwenyewe, nisome habari za mitaa yetu, nipige na nyimbo za bendi zetu ambazo kanda zao zinakula vumbi kabatini. Tulivutana wiki nzima. Mwishowe akakubali kwa majaribio, kwa sharti moja: nisithubutu kutaja habari ya kurekodi.

Sasa tulia, Baba, usije ukainuka ghafla ukautonesha mguu. Leo asubuhi sharti hilo nimelivunja. Najua redio hufungui tena, kwa hiyo hukusikia. Niliwaambia wasikilizaji kwamba sauti waliyokuwa wakiiitikia ilikuwa imerekodiwa na kupachikwa na kompyuta, na kwamba siku ilipocheka, mwenyewe nilikuwa namzika shangazi yangu. Kisha nikasoma tangazo lake lote, na jina lako likiwa la kwanza kati ya wafiwa. Simu zililia mpaka fundi mitambo akachoka kupokea. Akina mama waliozalishwa na Shangazi walimlilia hewani.

Meneja aliniita kabla kipindi hakijapoa. Wakubwa wanataka kesho niseme nilikuwa natania, eti kwa uchungu wa msiba. La sivyo, nifungashe virago. Nimeshaamua. Kesho nitaingia, nitasalimia watu, nitataja mtaa utakaokatiwa maji, na sitafuta neno langu hata moja. Wakitaka kunitoa, wanitoe nikiwa mbele ya kipaza sauti.

Msalimie sana Mama, na umwambie asiende kuniombea msamaha kwa mtu yeyote.

Nakuomba jambo moja tu: kesho asubuhi ifungue redio. Nitaanza kwa kukuamkia wewe, na kukuuliza mguu umeamkaje. Usiposikia hivyo, ukasikia binti mwenye sauti yangu anacheka tu na kukutakia siku njema, ujue wameshanifukuza. Usimwitikie, Baba. Mimi nitakuwa njiani nakuja kwako.

Ni mimi binti yako,
wa redioni