Fomu ya Mkopo Niliyoikunja

Jumapili, Nambambo. Joto tangu asubuhi, na harufu ya mabibo yaliyochacha imeingia mpaka chumbani. Moyo wangu nao umechacha.

Shajara, kwanza tuheshimiane. Unaandikwa na mtu ambaye wazungu waliokuja kupima madini Ruangwa walikaa ndani ya gari, vioo wamepandisha, wakagoma kushuka mpaka nilipofika kuwatafsiria. Mwenyekiti wa kijiji ni shahidi, ila alishafariki.

Mtu kama huyo jana kadharauliwa na mtoto wa dada yake.

Somoe ni binti wa dada yangu Esha, wa Nandagala. Kwetu mtoto wa dada ni wa mjomba. Baba ana lake, lakini neno la mwisho ni langu. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka na yeye kafaulu vizuri, nilipanda bodaboda nikaenda. Majirani wamejaa uani. Somoe akaniletea fomu ya mkopo wa chuo, nijaze sehemu ya mdhamini. Nikaiangalia. Nikaikunja, nikaitia mfuko wa koti.

"Huyu hakopi," nikasema kwa sauti ya mkutano. "Asome miaka mitatu, halafu akatwe mshahara mpaka azeeke? Mjomba wake nipo! Korosho zangu za msimu huu zote ni za Somoe."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilijiona waziri.

Tatizo, korosho zenyewe hazikuwa zangu tena. Wiki tatu kabla ya siku ile ya fomu, mikorosho ikiwa bado maua, nilishaziuza kwa mtu wa kangomba, wale wanaokupa hela mapema kwa bei ya kutupa, kisha msimu ukifika wanakuja kubeba magunia yao. Hela ile iliishia kwenye jando la mwanangu: muziki wa kukodi, pilau siku mbili. Jando lile linasimuliwa mpaka Tunduru.

Jana ndipo nikaenda Nandagala kusema. Njiani nilijipangia uongo mzuri kabisa, kwamba ukungu umekausha maua na mnada umeyumba. Nikakuta tranka la Somoe liko mlangoni, limeshafungwa kufuli.

Nikakohoa. "Mwanangu, korosho mwaka huu..."

"Usihangaike mjomba," akanikata, taratibu, kwa heshima zote. "Mambo yameshakaa sawa."

Kumbe kile chuo kikuu alichokiota tangu kidato cha kwanza kakiacha. Kachukua diploma, chuo cha jirani na Mnero, ada analipa kidogo kidogo, atalala kwa mama yake mdogo. Ada ya kuanzia imetoka kwenye ufuta wa mama yake, ambao Somoe aliukata na kuukung'uta kwa mikono yake mwenyewe miezi ile ya kusubiri matokeo. Mimi nikidhani anapumzika. Kila likizo atarudi shambani, ufuta umlipie mwaka unaofuata.

"Na mimi je?" nikauliza. Sauti ilitoka nyembamba, si ya kwangu.

Dada Esha akacheka. "Wewe kaka tulikuweka kwenye dua."

Somoe naye akacheka, kajifunika mdomo kwa mtandio. "Lakini mjomba, lile la kutokopa nililishika. Lile la korosho ndilo nililiacha."

Kwa hiyo hawakunitegemea hata siku moja. Hata siku ile ya vigelegele.

Bora wangenitukana.

Chai nilikunywa, mihogo nilikula, na wakati wa kuondoka nikawaambia mwakani nitamnunulia kompyuta. Wote wakaitikia "inshallah" kwa pamoja, haraka haraka, kama watu wanaomfungia mgeni mlango.

Leo nimelitoa koti kulianika. Fomu bado imo mfukoni, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Nandagala nzima inasema niliikunja kwa msimamo. Somoe mwenyewe anaamini hivyo, na najua huko chuoni atawasimulia wenzake: mjomba wangu hapendi madeni.

Ngoja nikiri hili moja, halafu nisiulizwe tena.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Kurasa zote zile, nilichokitambua ni jina la Somoe.