Cherehani Yangu Mnadani

Shoga, nimeaibika! Sijui nijifiche wapi.

Unaikumbuka ile cherehani kuukuu niliyoiweka kwenye mnada wa mtandaoni? Fundi aliniambia haifiki hata elfu hamsini. Nikamcheka mbele ya wateja wake: "Thamani anaijua mnunuzi, si wewe!" Maana watu wawili walikuwa wakishindana, bei ikafika laki tatu.

Laki tatu, shoga!

Leo mshindi kaja kuichukua. Nafungua mlango, ni mama. Mama yangu mzazi!

Nikampigia dada nimsimulie. Akamaka: "Kumbe niliyekuwa nashindana naye ni mama?"

Kila mmoja alinionea huruma kivyake.

Mama hajui hata kutunga uzi kwenye sindano. Kaipapasa, kasema, "Mwanangu, nimepata kitu kizuri."

Na mimi, shoga, hela nikapokea.