Shafti Iliyo Chini ya Kitanda

Mpendwa Shangazi Mshauri, nisamehe mwandiko, mtoto yuko begani na hataki kuwekwa chini. Mume wangu anafanya kazi mbali, huja kila baada ya miezi mitano, na alituachia gari linalovuta kwa magurudumu yote manne kwa sababu mvua ikinyesha mlima wa kwetu haupandiki, sasa tairi moja likapasuka, nikanunua moja jipya, yale matatu yamelika lakini nikaona bado yanasukuma siku, na tangu hapo nikikata kona kali, hasa pale getini kwa yaya, gari linatetemeka na kugoma kama punda aliyezidishiwa mzigo. Fundi wa kwanza akapanda, tukaenda barabara iliyonyooka, gari likatulia, akaniambia, "Dada, gari halina kitu, wewe ndiye umechoka." Nikamweleza mume wangu kwenye simu, naye akasema labda ni mawazo, nipumzike. Shangazi, nikaanza kuamini. Nilikuwa nikishamwacha mtoto kwa yaya nakaa garini peke yangu, limezimwa, nimeshika usukani, nasikiliza kama ni mikono yangu inayotetemeka.

Fundi wa pili hakuuliza mengi, akafungua ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, akanipa ndani ya gunia, gari likatulia kama maji mtungini. Nikafurahi wiki mbili. Mvua ikaja, gari likashindwa mlima, nikaliacha bondeni nikapanda kwa miguu, mtoto mgongoni. Gunia liko chini ya kitanda. Mume wangu anarudi mwisho wa mwezi, na kila Jumapili akipiga simu huanza na, "Gari lipo salama?" nami husema lipo. Je, niirudishe shafti kimyakimya, au nimwambie? Akijua ataona kweli siwezi kuachiwa kitu.

Mama wa Mlimani

Mama wa Mlimani, pole, na hukuwa unaota. Nimemuuliza shemeji yangu aliyezeekea chini ya magari, hakuinua hata macho kwenye kikombe chake: "Moja jipya, matatu yamelika? Ndilo hilo." Tairi jipya ni kubwa kidogo kuliko yaliyolika, na gari lako limeyafunga yote manne pamoja, moja likienda kwa hatua yake, mengine yanavutana nalo, na kwenye kona ndiko ugomvi unakosikika. Fundi wako wa kwanza alimpima mgonjwa wa mguu akiwa ameketi.

Sasa nikugombeze. Kutoa shafti ni kumziba mtoto mdomo ukasema amepona. Na kuificha chini ya kitanda cha mwenye gari, mwanangu, hapo hata kuku angecheka.

Usiirudishe bado. Gari liinuliwe kwa jeki, zungushia kila tairi kamba, ulinganishe urefu. Tafuta manne ya saizi moja, hata yaliyotumika, mradi yamelika sawasawa. Ndipo shafti ifungwe, viungo na beringi zake zikaguliwe. Kisha endesha wewe, fundi akae pembeni, gari likiwa limeshapata moto, ukate kona taratibu mpaka usukani ufike mwisho. Likitetemeka tena, akague difu, ile gia inayogawia magurudumu nguvu, asikukague wewe.

Jumapili usingoje kuulizwa. Mwambie yote, na kule kukaa garini peke yako pia. Akianza na gari, mkatize: "La gari nitakwambia. Kwanza niulize kama mimi nipo salama."