Niliandika Kwamba Nakaa

Jumatano. Mvua ilianza saa nane kamili kama kawaida yake, na sasa ni saa kumi bado inapiga mabati ya nyumba hii ya Lurambi mpaka mtu hawezi kujisikia akifikiri. Afadhali. Ninayofikiri leo si mazuri.

Sina hamu na mtu. Nilizima simu tangu nitoke hospitali, nikaiwasha tena kwa sababu kuna kitu humo ndani lazima nikirekebishe. Nitakieleza. Kwanza niacheni niseme ninaowachukia.

Namchukia mwenyekiti wa kikundi chetu cha waongoza watalii. Nalichukia goti langu la kulia. Naichukia programu ya simu inayohesabu kalori, pamoja na kengele yake ya kunikumbusha kunywa maji. Kuna na mtu wa nne, ila huyo nitamfikia.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ni kutembeza wageni katika msitu wa Kakamega, upande wa Buyangu, siku tano kwa wiki. Huu ni mwaka wa kumi na nne. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi naanza kupanda nao kile kilima cha msituni, tufike juu ukungu ukiwa bado umefunika miti. Najua mbega wanalala wapi na ndege gani ataanza kulia kabla ya mwingine. Sijawahi kuipenda kazi nyingine yoyote, na nimefanya nyingi.

Mwezi wa tatu goti likavimba. Daktari akanipima, kilo tisini na mbili. Akasema nikipunguza kilo kumi, polepole, goti litapata nafuu. Neno polepole alilitamka mara mbili. Mimi nilisikia kilo kumi tu.

Wiki hiyo hiyo tukawa na mkutano. Mwenyekiti akasimama mbele ya watu wote, mimi nimeketi pale pale mbele yake, akasema, "Huyu Mama Twaha tumtafutie kazi ya kukaa. Akuwe hapo kwa geti, akatange tiketi. Mwezi wa nane wageni wakijaa, hiyo kilima itamshinda."

Twaha ni mwanangu, yuko chuoni. Nashukuru hakuwepo kusikia mamake akizungumziwa kama kabati la kusogezwa.

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuangalia chini. Yeye mwenyewe tumbo linamtangulia mlangoni, na tangu achaguliwe hajakanyaga kile kilima hata siku moja. Lakini tumbo la mwanamume halijadiliwi mkutanini. La mwanamke ndilo ajenda.

Nikafunga kibwebwe. Jioni ile ile nikapakua hiyo programu. Ikaniuliza umri, nikasema arobaini na nne. Ikauliza urefu, uzito, na nataka kupungua kwa kasi gani. Nikabonyeza kasi ya mwisho kabisa, kilo moja kila wiki. Ikaniuliza na mengine, nikajaza huku meno nimeyauma, nataka tu kufika mwisho. Ikanipa hesabu yangu: kalori elfu moja mia mbili kwa siku.

Niliipenda. Sikujiuliza inatosha nini. Ilifanana na adhabu, na mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuadhibu.

Basi wiki tatu nimeishi hivyo. Asubuhi chai ya rangi na yai moja, halafu kilima. Mchana kijipande cha ugali ambacho mtoto wa chekechea angelia akipewa. Jioni mboga na omena za kuhesabu, kisha naangalia ukuta mpaka usingizi unihurumie. Programu yenyewe inajua mkate wa kupaka parachichi, haijui mboga yetu ya mrenda. Ugali inaupima kwa kikombe. Nani katika Magharibi hii nzima ya Kenya amewahi kula obusuma, huo ugali wetu, kwa kikombe? Nikanunua mzani mdogo wa jikoni, nikawa natembea nao kwenye mkoba.

Kilo nne zilitoka. Zilitoka pamoja na usingizi, subira na adabu. Juzi nilimgombeza mama wa mandazi wa hapa kona kwa kosa la kunisalimia.

Yeye alinisamehe. Mama yangu sijui.

Jumapili nilienda kwake Matungu. Alikuwa amemwita jirani tangu asubuhi amchinjie kuku, na nilipopiga hodi mlangoni harufu ya ule mchuzi ilinilegeza magoti yote mawili, lile bovu na lile zima. Akaniwekea obusuma. Akaniwekea paja. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa mzani, nikauweka kando ya bakuli lake, nikalichukua paja kutoka kwenye mchuzi na kulilaza juu ya kioo cha mzani. Nikasoma gramu. Zilikuwa nyingi. Nikalirudisha paja, nikachukua bawa.

Mama aliliangalia lile paja. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Nyanya yako alikuwa anapikanga kuku, ingokho, na hakuwahi onja. Wanawake hawakuwa wanakulanga. Mimi nilionja nikiwa na watoto watatu. Sasa nakupea paja, unaipima, unanirudishia."

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikamwambia hajui kalori ni nini, na kwamba angejua pengine asingekuwa na ugonjwa wa sukari.

Nimeandika maneno hayo hapa jinsi nilivyoyasema ili nisiweze kujifanya baadaye kwamba yalikuwa mengine. Nilimwambia mama yangu hivyo, mezani kwake, mkononi nimeshika bawa la kuku wake. Aliinuka, akalibeba bakuli, akaenda nalo jikoni. Hakurudi, nikaondoka nimeuaga mlango.

Jana ndio kilima chenyewe kikanikata ulimi.

Nilikuwa na wageni sita, mkubwa wao bibi mmoja wa miaka sabini na kitu mwenye fimbo. Tulipokaribia juu, yule ndege mkubwa wa buluu akapita juu yetu, mmoja wa wale ambao watu wanavuka bahari kuja kuwaona. Wakanigeukia wote, wanangoja jina lake. Jina likanipotea. Ndege ninayemtaja kila siku ya kazi, nimesimama nimeachama kama mtu aliyeamshwa. Halafu miti ikaanza kuzunguka, nikakaa chini juu ya mzizi kabla sijaanguka.

Bibi wa fimbo akafungua mfuko wake, akanipa biskuti. Akabeba darubini yangu mpaka chini. Mimi ndiye ninayelipwa kuwatunza wao.

Mwenyekiti alikuwa ameshaipata habari tulipofika getini. Aliangalia tu kile kiti cha plastiki kilichoko kwenye kibanda cha tiketi, kisha akaniangalia mimi. Nilitamani nimrushie hicho kiti.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeenda hospitali, nikaelekezwa kwa mtaalamu wa lishe. Msichana mdogo, mwembamba kama uzi. Nikamchukia kabla sijakaa. Nikasema moyoni, huyu naye atanifundisha nini kuhusu njaa? Nikampa simu asome rekodi zangu za wiki tatu, na nitakuwa mkweli, nilikuwa nangoja sifa. Hakuna siku hata moja niliyopitisha elfu moja mia mbili.

Alisoma polepole. Akauliza, "Mama, unafanyanga kazi gani?"

Nikamwambia natembeza wageni msituni, Buyangu.

"Mara ngapi kwa wiki?"

Siku tano. Kupanda na kushuka, saa tatu, nne.

Akanigeuzia simu. "Sasa mbona hapa umeandika unakaa?"

Nikaangalia. Ilikuwa kweli. Kwenye swali la shughuli za kila siku kulikuwa na majibu manne, kuanzia mtu anayekaa muda mwingi hadi mtu anayefanya kazi nzito, na alama ilikuwa kwenye la kwanza. Hakuna aliyenishika mkono. Nilikuwa nimejaza mwenyewe, jioni ya ule mkutano, maneno ya mwenyekiti bado ya moto masikioni.

Ningesema nini? Kwamba mtu mmoja alisema nitafutiwe kazi ya kukaa, nami nikakimbia nyumbani kuiandika kabla hajaitafuta?

Yule msichana hakunisimanga, na hilo lilinikera zaidi. Alichukua kalamu akafanya hesabu mbele yangu: uzito, urefu, umri, kisha ile kazi yangu ya kweli. Akasema mwili wangu peke yake, nikiwa nimelala tu kitandani, unahitaji zaidi ya zile elfu moja mia mbili. Na kwamba baadhi ya zile kilo nne nilizojivunia ni maji, na nyingine ni misuli, misuli hiyo hiyo inayolishikilia goti. Nimekuwa nikilila goti langu ili kuliokoa. Akaandika lengo jipya: elfu moja mia tisa. Nusu kilo kwa wiki inatosha kabisa, hata pungufu si neno. Protini kila mlo, kitu tumboni kabla ya kilima, nirudi baada ya wiki nne aone kama hesabu inakaa sawa, kwa sababu hesabu ya mwanzo ni makisio na mwili ndio utasema.

Elfu moja mia tisa. Nilihisi kama nimetukanwa. Kisha nikahisi njaa, njaa ya wiki tatu yote kwa mpigo, nikatoka pale nikala maharagwe na chapati moja huku machozi yananitoka, na aliyekuwa na shida na hilo angeangalia pembeni.

Mtu wa nne ninayemchukia basi ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti alisema atanitoa kilimani mwezi wa nane. Mimi nilijitoa jioni ile ile, kwa kidole changu, na nikajinyima chakula kulingana na kazi ambayo hakuna aliyekuwa amenipa.

Simu iko hapa mkononi. Nimefungua lile swali. Nimefuta "unakaa muda mwingi", nimeweka alama kwenye mtu anayetembea sana. Haikuchukua hata dakika.

Mama nimempigia pia, kabla sijapoteza ujasiri. Nilimwomba radhi, sikuzungukazunguka. Mama akasema, "Uje Jumapili. Na hiyo mzani yako uiachange huko huko." Sijui kama nimesamehewa. Nitajua nikiona nimewekewa kipande gani.

Mvua inapungua. Kwenye sufuria kuna viazi vitamu viwili na mayai, ni vya saa kumi na moja alfajiri. Kesho kuna wageni wanane, na kwenye ubao wa zamu jina lililoandikwa bado ni langu. Mwenyekiti kama anataka sana mtu wa kukaa getini, kiti kipo. Akikalie.