Koti Lako Bado Liko Msumarini

Baba, mwaka umeshatimia tangu ututoke, na mpaka leo mlango wa nyuma ukilia tunageuka, tukidhani ni wewe unaingia na kapu la nyanya.

Uliondoka bustani ikiwa imejaa. Mazishi yalipopita Mama alifunga kitambaa kichwani akaingia jikoni. "Kikioza kitu hapa, atanijia ndotoni anigombeze," alisema, maana wewe na kutupa chakula mlikuwa maadui. Nyanya nyingine alizipika zikawa nzito, akazitia chupani. Biringanya tuligawia majirani, maboga tukala mpaka mbegu zake.

"Leo mboga gani?" tulimuuliza Mama.

"Nyanya."

"Na nini?"

"Na nyanya nyingine, mna shida?"

Tulicheka, Baba, kisha tukalia sahani zikiwa mbele yetu.

Miaka yote ulifanya kazi kwenye chumba cha baridi cha ghala la nyama, na baridi ile ikakuingia mifupani ikagoma kutoka. Hata jua la mchana lilikukuta umevaa lile koti zito la kazini, ukipiga soga na kinyonga wa uani uliyempachika jina la Mkaguzi. Nyanya za juu kabisa uliwaachia ndege. Mama akinung'unika unamjibu, "Mke wangu, na wale wana watoto."

Ulipozidiwa ulimshika mkono. "Msinizike bila koti langu," ulimwambia. "Huko chini kuna baridi." Akakuahidi.

Asubuhi ya mazishi alikwenda bandani kulichukua msumarini. Kumbe ulipokuwa umelazwa, shomoro alijenga kiota mfukoni. Ndani yake mlikuwa na makinda, midomo wazi, hata manyoya hawajaota.

Mdogo wako alimwambia, "Shemeji, watoe tu, ni ndege hao. Watu wanasubiri."

Mama aliliacha koti, akafunga mlango wa banda. Tukakuzika na ile suti nyepesi ya harusi.

Tangu siku hiyo hana usingizi. Mvua ikinyesha anajifunika blanketi, kisha analitupa pembeni. "Mwenzangu kajifunika nini?" anatuuliza. Makinda walishakua wakaruka. Mwezi uliopita alilifua koti, akalirudisha msumarini, tukakubaliana kwamba mwaka ukitimia tutachimba kando yako tulilaze hapo. Angalau ahadi itimie.

Juzi aliingia bandani kulichukua. Akatia mkono mfukoni, akautoa polepole. Mayai mawili, Baba, bado yana joto.

Alikaa chini akalia kama siku ile uliyokata roho. Alipopata sauti alituambia, "Mwandikieni nyinyi. Mimi sina uso wa kusema naye. Mwambieni nimeshindwa tena."

Basi tunakwambia. Tutakuja na kapu la nyanya za bustani yako, zile za juu tumewaachia wenyewe. Koti hatuji nalo.

Unakumbukwa na mkeo, mdogo wako, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu zako, na wenzako wa chumba cha baridi. Hatutakusahau kamwe, na baridi ikiingia ndiyo kabisa.

Usimkasirikie Mama. Vumilia kidogo tu, Baba, mpaka waruke.