Usimeze Tena Hizo Rangi Mbili

Kathonzweni,
Jumatano, saa ya chakula

Mwaitu Mumbua, wewe ninayekuita mama kwa kuwa una jina la mama yangu,

Nakusalimu, na baba Mwende, na wasichana wote watatu, na mbuzi wangu niliyekuachia. Mko wazima huko Kyuso? Ndengu zimeota, ama mvua imewacheka tena? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hauko mahali pake tangu nisome barua yako jana. Kabla sijaandika lingine: hizo dawa za rangi mbili unazomeza, acha leo. Kama iko moja mkononi, iweke chini. Ndio uendelee kusoma.

Nimeandika Kiswahili makusudi. Mama mkwe wako anasoma Kikamba cha Biblia tu, kwa hivyo akiishika hii barua hataokota kitu.

Barua yako ilinikuta kazini, ndani ya nyumba ya nzi. Nilikuambia kazi yangu ni kulea wadudu, lakini sikukuambia yote maana niliona haya. Asubuhi nachanganya pumba za ngano na maziwa yaliyoharibika kwa beseni, naacha nzi watage. Siku ya tatu beseni lote linatembea. Funza juu ya funza, weupe, wanono, na wanasikika wakila, mwaitu, kama uji unaochemka polepole. Nawachota kwa mkono kwa sababu kijiko kinawapasua. Hiyo harufu haitoki kwa sabuni. Kanisani wamama wananiachia benchi peke yangu, eti ni joto. Wali siwezi kula tena, hata wa Krismasi.

Funza akishakauka na kuwa kama punje ya mchele iliyoungua, ndipo tunawaletea nyigu. Si nyigu wale wa kuuma watu, ni wadogo kama sisimizi. Anapanda juu ya punje, anaidunga, anaweka yai ndani. Mtoto wake anamla nzi polepole akiwa humo humo. Ukipasua mapema unakuta nusu nzi, nusu nyigu, na majimaji ya kahawia. Nimepasua nyingi kuliko njugu na kila moja natema mate. Wakubwa wa kazi wanasema watawaachilia hao nyigu kwa vibanda vya kuku ili nzi wapungue. Ni kazi nzuri, lakini inatapisha.

Sasa lile neno nililokuandikia mwezi uliopita. Hao nyigu wetu wote ni majike, dume hakuna. Daktari wetu wa wadudu, msichana wa Kiambu wa rika lako, alinieleza kwamba ndani ya nyigu kunaishi bakteria, kitu kidogo hata jicho halikioni, na mama anampa binti yake ndani ya yai. Hicho ndicho kinafanya wazaliwe wasichana tupu. Akachukua ile dawa ya rangi mbili tunayonunua dukani mojamoja, akaichanganya na asali, akawalisha. Bakteria wakafa, na watoto waliofuata wakawa madume. Nikakuandikia kama jambo la kushangaza.

Nitasema ukweli. Nilipokuwa naandika nilikuwa nakufikiria wewe. Sikukuambia meza. Lakini nilijua utaisoma na hiyo mimba yako, na wasichana watatu, na yule mama mkwe wako akizunguka Kyuso kumtafutia mumeo Musyoka bibi wa pili wa kumzalia mvulana. Najichukia kwa hayo kuliko ninavyochukia beseni.

Basi nikafungua barua yako, na umeandika: "Mama, nimeanza. Mbili asubuhi, mbili jioni, wiki ya pili sasa, na ninatelemshia na asali kama nyigu wako." Nilitapika pale pale, mimi niliyekuwa nimejisifu kwamba nimezoea. Nikamkimbilia daktari na barua, mikono ikinuka vile vile. Nilifikiri atacheka. Hakucheka. Aliuliza mimba ina miezi mingapi, nikamwambia mitano.

"Mama Mumbua," akasema, "mwambie aache leo. Hiyo dawa inaingia kwa mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni, na mama mwenyewe inaweza kumharibia ini."

Nikauliza, kwa aibu, kama basi angalau italeta mvulana. Akasema binadamu hana hicho kidudu. Mtoto wa mtu anaamuliwa na mbegu ya baba, na hiyo iliamua kitambo, siku ile ile mimba iliposhika. Kwa hivyo mama mkwe wako akitaka wa kulaumu, aanzie kwa kijana wake. Hiyo ya mwisho nimeongeza mimi.

Halafu akanionyesha chupa ya wale waliolishwa dawa. Madume wamejaa, wanatembea tu. Alikuwa amewawekea majike, na majike waliwapita kama mtu anavyopita jiwe. Wamekaa vizazi vingi bila dume, hawajui tena kumpokea.

"Kisha?" nikamwuliza.

"Kisha hakuna. Wale mama waliokunywa dawa walizaa madume, na binti hakuzaliwa tena. Ukoo wao umeishia kwa hii chupa."

Akawahamisha waliobaki hai, akanipa chupa niioshe. Chini kulikuwa na mizoga mikavu imegandana na asali, ikabidi nisugue kwa kidole. Tangu jana sijaweza kuiangalia asali, na mimi nimezaliwa chini ya mizinga ya baba yangu.

Mwaitu, nenda kliniki kesho. Beba hizo dawa umwonyeshe sista, na umwambie ukweli, usiseme ulikuwa na malaria. Daktari anasema si lazima mtoto awe ameumia, lakini lazima wamwangalie. Sista akikugombeza, sema ni mama yako aliyeleta hayo maneno. Na mama mkwe usimjibu. Mwisho wa mwezi nimepewa ruhusa, nakuja, tutakaa chini mimi na yeye na Musyoka, na nitaongea mwenyewe. Wasichana watatu si ugonjwa, mpaka watafutiwe dawa.

Nisalimie Musyoka mkwe wangu, na mama yake kwa heshima zote. Msalimie shangazi yako mwenye cherehani pale sokoni. Mwende asikose shule. Kanini umpake mafuta vile vipele. Na Wayua, mwenye jina langu, mwambie nyanya amempatia viatu, lakini asishangae nikinawa mara mbili kabla ya kumshika.

Barua hii nimempa mama mchungaji anayekuja huko kwa mkutano wa akina mama. Anarudi Jumatatu. Usiniandikie kwamba umeacha, nakujua, tangu utoto ulikuwa unaficha kwinini chini ya ulimi na kusema umemeza. Zilizobaki, sista akishaziona, zifunge kwa karatasi umpe aniletee. Nataka kuzishika kwa hii mikono yangu inayonuka, nizitupe chooni mwenyewe. Mpaka Jumatatu sitakula.

Ni mimi mama yako,
Wayua