Laptopu Hii Imekuja Bila Mimi

Nyumba ya Wafanyakazi wa Dobi,
Hospitali Kuu,
Ghorofa ya tatu, chumba namba 14.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shemeji na watoto, na kwamba mguu wa Mama umepungua uvimbe tangu tulipoongea. Mimi sijambo. Kikohozi kimeniacha, ingawa kilikaa kama mgeni asiyejua kuaga. Hali ya hewa ya huku usiniulize. Soksi nilizoanika dirishani juzi bado zinafikiria kama zikauke au la.

Ukiwa na barua hii mkononi, maana yake umeshafungua mfuko mweusi, na umeshaona kwamba aliyekuletea ni dada muuguzi, mtu wa kwetu anayefanya kazi hapa hospitalini, si mimi. Najua ulinitazamia mimi. Najua na Mama alinitazamia. Nitafika kwenye hilo, ila tafadhali soma kwa mpangilio. Nakujua wewe, barua huwa unaianzia chini.

Kwanza mashine yenyewe. Ni nyepesi kama Mama alivyoagiza, kwa ajili ya mgongo wako. Kioo chake si kikubwa kama alivyotaka Shemeji. Mwambie mpira ataendelea kuutazama kwa watu. Mpwa wangu mkubwa alitaka yenye michezo, Baba Mdogo akataka yenye redio. Ukoo wetu ukiambiwa ununue sindano, utaunda kamati. Nilisimama dukani saa nzima nasoma ujumbe wenu mmoja mmoja kwenye simu, hadi muuzaji akaniletea kiti. Mwisho nikaufunga ule mkutano. Nikamwambia mtumiaji ni mwanamke mwenye meza barazani pa ofisi ya ardhi, anayewaandikia watu maombi na mikataba na wasifu tangu karani anapofungua dirisha hadi analifunga, na vumbi la barabara yote linapita usoni kwake. Akafikiri kidogo, akaniletea hii. Vumbi haliingii kirahisi kwenye vitufe vyake, na betri inakaa karibu siku nzima ya kazi. Umeme ukikatika, wateja wako hawatakuwa na kisingizio cha kuhamia kwa jirani yako yule wa miwani.

Plagi ya huku ina miguu miwili ya duara, haiingii kwenye soketi za kwetu. Nimekuwekea adapta mbili, moja ya kutumia na moja ya kupoteza. Chaja yake usiiogope. Fundi umeme wa hapa hospitalini amenisomea yale maandishi madogo mgongoni mwake, akasema inakubali umeme wa huku na wa huko. Waranti ndiyo haivuki mpaka. Ikiharibika, karatasi yao itakufaa kufungia misumari tu. Kwa hiyo mtu asiweke chai karibu nayo, hata awe Shemeji, tena hasa Shemeji.

Kuna jambo la vitufe, na hapa naomba ucheke kwa adabu. Huku herufi hazikai kama za kwetu. Z imekalia kiti cha Y, Y imesukumwa kule chini, na alama za nukta na mkato zimetawanyika ovyo. Nilipoligundua hilo nilikuwa nimeshainunua. Nikaona nimekuharibia kazi. Basi nikachukua ule utepe wa kitambaa tunaowekea alama mashuka ya wodini, unaochemshwa kila siku na haubanduki, nikawa nakata vipande vidogo kwa mkasi wa kucha, naandika herufi kwa kalamu ya dobi, nabandika kila moja mahali pake pa kwetu. Kazi hiyo ilinichukua Jumapili tatu. Herufi ya M niliirudia mara tano kwa sababu ilikuwa inatoka imeinama.

Dada muuguzi alipokuja kuiangalia, akaipapasa, akaniuliza, "Kwani dada yako anachapa huku anatazama vidole?"

Ndipo nikakumbuka, Dada. Wewe, uliyefundishwa uhazili na yule mwalimu aliyekuwa akiwafunika mikono kwa kitambaa! Wewe unayechapa huku unamkaripia mtoto aliye mlangoni, na hukosei herufi! Yule fundi umeme, aliyekuwa amekuja naye, akabadilisha mpangilio humo ndani kwa dakika moja, na sasa vidole vyako vitakuta kila kitu pale vilipozoea. Vibandiko vyangu ni pambo tu. Wao walicheka, nami nikacheka nao. Walipoondoka, nikaketi kitandani nikalia, sikufichi. Nililia kwa sababu nilikuwa nimekusahau mikono. Miaka saba si mchezo. Nakumbuka sauti yako, nakumbuka unavyotembea ukiwa umekasirika, lakini mikono yako ilikuwa imenitoka kabisa kichwani, nikakufanya kama mtu mwingine yeyote. Niliogopa kujiuliza ni nini kingine nimekisahau bila kujua.

Sasa tuje kwenye lile jambo lenyewe.

Laptopu niliinunua mwezi wa pili, na nilipokwambia nitaileta kwa mkono wangu sikuwa nakudanganya. Nilikuwa nimeshaandika jina langu kwenye ubao wa likizo. Mwezi wa tatu nikapata barua kutoka ofisi ya vibali. Karatasi zangu za ukaazi zimefika mwisho, zinafanyiwa upya, na atakayevuka mpaka kabla mpya hazijatoka, hataruhusiwa kurudi. Nikauliza zitachukua muda gani. Yule mama wa dirishani akaniambia, "Subiri tu, tutakuita." Hadi leo sijaitwa. Inaweza kuwa mwisho wa mwaka, inaweza kuwa mwakani.

Kwa hiyo tangu mwezi wa tatu najua kwamba siji. Sikukwambia. Ulipopiga simu nikakwambia natafuta adapta. Ulipopiga tena nikakwambia nafuatilia waranti. Kisha nikakwambia vitufe. Yote yalikuwa kweli, na yote nilikuwa nayatumia kukudanganya. Adapta ilipatikana siku ileile niliyoitafuta. Dada muuguzi alisafiri kuja huko mwezi wa nne pia, na aliniuliza kama nina mzigo. Nikamwambia sina. Laptopu ilikuwa chini ya kitanda, imefungwa vizuri, tayari kabisa.

Na muda wote huo wewe unachapa kwenye mashine ya kuazima, kule dukani kwa Bwana Stempu, saa ya chakula cha mchana tu, yeye akienda kula. Ulinieleza hayo kwa kicheko, kwamba sasa wateja wako wanajua ratiba ya tumbo la Bwana Stempu kuliko mke wake. Nami nikacheka kwenye simu. Ulisema pia kwamba mwisho wa mwezi huu mashine ile anampa mkwewe, na kwamba meza yako barazani usipoikalia kuna mtu ameshaiulizia. Ndipo nikashindwa kula. Miezi minne nimekaa na mkate wako chini ya kitanda changu.

Utataka kujua kwa nini. Nimejiuliza hilo siku nyingi, na jibu nililopata linanitia aibu, lakini ndilo hilo.

Kazi yetu ya dobi haina maneno. Tuko wanne kwenye ile roli kubwa ya kupiga pasi mashuka, wawili wanaingiza, wawili wanapokea. Kelele yake ni ya kuziba masikio, na kweli tunayaziba, tunavaa vizibo. Tunaelewana kwa vidole. Nikitoka hapo napanda ngazi, nafungua mlango, nafunga mlango. Yule jirani wa chumba namba 15 tuliyekuwa tukipika pamoja alihama mwaka juzi. Zimepita siku, Dada, ambazo neno la kwanza kulitoa mdomoni lilikuwa ni samahani, tena kwa mtu niliyemkanyaga.

Halafu nikanunua laptopu. Siku ile nilipita kazini na mfuko begani, mpokeaji mwenzangu akatoa kizibo sikioni akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Ni ya dada yangu, naipeleka nyumbani." Akavutiwa. Wakati wa mapumziko akawaambia wengine. Toka hapo ikawa kila siku kuna swali. Umeshakata tiketi? Dada yako ana watoto wangapi? Mama yako unampelekea nini? Mzee wa stoo ya sabuni, ambaye kwa miaka mitano hajawahi kuniitikia salamu, alinishika mkono akaniambia nisisahau kuikinga na mvua. Mama wa duka la chini alinipa maboksi. Kumbe mtu mwenye safari ana watu. Walikuwa wakiniita Msafiri, Dada. Kabla ya hapo nilikuwa naitwa "wewe wa mashuka."

Barua ya vibali ilipokuja nilikuwa nimeshaonja hilo, na sikuweza kulitema. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Jioni nilikuwa naivuta ile laptopu kutoka chini ya kitanda, naifungua, naiangalia inavyowaka, naifunga, nairudisha kwenye mfuko wake. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu. Ikiwa humu chumbani, mimi nilikuwa mtu anayekuja nyumbani. Nikiikabidhi kwa mtu mwingine, nabaki mtu anayekaa huku.

Leo dada muuguzi amekuja kuniaga, anaondoka Alhamisi. Safari hii hakuniuliza kama nina mzigo. Nimeutoa mwenyewe nikauweka mlangoni. Ameuinua mfuko, akasema, "Umeamua?" Nikamwambia andika namba ya simu ya Dada, umkabidhi yeye mkononi, si mtu mwingine. Ameniachia nusu saa nimalize barua hii, yuko chini anazungumza na mlinzi.

Naomba unisaidie kwa Mama. Uliniambia ametoa godoro la chumba cha nyuma juani na kubadilisha mapazia. Usimwambie mbele ya watu, na usimwambie kabla hajala. Mwambie karatasi ndizo zimenizuia, hilo ni kweli. Hii habari ya kudanganya ni yako na yangu, ila ukiona inafaa aijue, mwambie, sitakulaumu. Mapazia msiyatoe lakini. Yaacheni tu.

Mwambie Mama nampigia Jumapili baada ya ibada yake, nami sitakata simu mapema. Shemeji mpe salamu zangu za chai. Wapwa zangu wote wawili nawabusu. Mkubwa mwambie mjomba wake anajua alichokuwa anakitaka, na akifaulu tutaongea kiume. Baba Mdogo na Mama Mdogo nawasalimu sana, na redio imo humo, inahitaji kutafutwa tu. Hata yule jirani yako wa miwani msalimie, umwonyeshe mashine, umwache ajifie kwa wivu taratibu.

Mimi kesho asubuhi, kabla ya zamu, itabidi nipite ofisini kwa msimamizi nikafute jina langu kwenye ubao wa likizo. Ubao uko ukutani pale tunapovalia aproni, kila mtu ataona. Wataniuliza kuna nini, na nitawaambia ukweli, kisha tutavaa vizibo vyetu tuanze kazi.

Dada, nina ombi moja. Najua moyo wako. Utataka kuniandikia kwamba haidhuru, mdogo wangu, usijali, mashine imefika, tumekusamehe. Tafadhali usiniandikie hivyo. Kasirika. Nigombeze kama ulivyokuwa unanigombeza nikichelewa kurudi kutoka dukani, nitukane hata ukoo mzima. Nimeishi mno mahali ambapo nikichelewa hakuna anayeuliza. Ukinikasirikia, nitajua bado kuna mtu ananisubiri.

Mungu aibariki mikono yako, ambayo sitaisahau tena, na mvua isivuke ukingo wa baraza lako.

Wako akupendaye,
mdogo wako ambaye bado hajafika.